Uongeze Nini Kwenye Ganzi ya Neva? Mwongozo kwa Mtoa Usingizi wa Hospitali ya Wilaya

Mwongozo huu ni wako wewe unayechoma ganzi katika hospitali inayopokea watu wa Nyangamara na vijiji vya jirani vya Halmashauri ya Mtama. Huenda uko Nyangao, au Sokoine pale Lindi mjini. Popote ulipo, swali moja utakutana nalo: ganzi ya neva imeshika vizuri, upasuaji umekwenda salama, lakini usiku itaisha. Je, kuna dawa ya kuchanganya ili isogee mbele?

Chukua mfano wa kawaida wa kwetu. Kijana ameanguka mwembeni, mifupa ya kigasha imevunjika. Saa 4 asubuhi unamchoma ganzi ya kwapa kwa bupivakaini ya asilimia 0.5. Daktari anaunga mfupa, kijana anapiga soga muda wote, hakuna haja ya nusu kaputi. Lakini bupivakaini tupu huwa na nguvu za saa 10 hadi 12 hivi. Ina maana maumivu yatarudi kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wodi ikiwa na muuguzi mmoja na wagonjwa wengi. Dawa nyongeza zimetafutwa kwa ajili ya usiku huo.

Ziko nyingi, na kila moja ina watetezi wake. Zipime zote kwa maswali manne. Inaongeza saa ngapi? Inaleta hatari gani? Ipo kabatini? La nne ndilo linalosahaulika mara nyingi: mgonjwa huyu atalala wapi usiku wa leo, wodini au kijijini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama saa za ziada ni msaada au ni mtego.

Kabla ya kuongeza chochote

Dawa nyongeza haiokoi ganzi iliyokosea neva. Chumvi haigeuzi maji kuwa mchuzi. Kama ganzi yako hushindwa mara kwa mara, tatizo liko kwenye mahali unapochoma, kiasi unachotumia au muda unaosubiri kabla ya kumkabidhi mgonjwa kwa daktari. Rekebisha hayo kwanza.

Pili, jua ukomo wa dawa mama. Kwa mtu mzima wa kilo 60:

- Lignokaini tupu, miligramu 3 kwa kilo: jumla 180, yaani mililita 18 za asilimia 1, au mililita 9 tu za asilimia 2.
- Lignokaini yenye adrenalini, miligramu 7 kwa kilo: jumla 420, yaani mililita 42 za asilimia 1, au 21 za asilimia 2.
- Bupivakaini, miligramu 2 kwa kilo: jumla 120, yaani mililita 24 za asilimia 0.5.

Ukichanganya lignokaini na bupivakaini, sumu zake zinajumlishwa. Ukitumia nusu ya kiwango cha juu cha moja, imebaki nusu ya nyingine.

Tatu, soma kichupa. Bupivakaini nzito ya kuchoma mgongoni ina sukari, dekstrozi ya asilimia 8, na si ya kuzungushia neva za mkono au mguu. Unahitaji ile tupu. Kama dawa inayotoka Bohari ya Dawa ni ya mgongo pekee, agiza ile tupu mapema kwa jina lake kamili, usisubiri siku ya upasuaji ndipo uanze kuulizia.

Adrenalini: mlinzi kuliko kiongezi

Hii ndiyo nyongeza kongwe kuliko zote. Mjerumani Heinrich Braun aliichanganya na ganzi mwaka 1903, akitafuta kubana mishipa ya damu ili dawa isisombwe haraka kutoka kwenye neva. Kazi yake ni ileile mpaka leo. Kwa kubana mishipa hupunguza kiwango cha juu cha ganzi kinachofika kwenye damu, ndiyo maana lignokaini yenye adrenalini inaruhusiwa kwa kipimo kikubwa zaidi.

Kwa upande wa muda, usitarajie makubwa. Kwa wastani huongeza kama saa moja, na faida huonekana zaidi kwa lignokaini kuliko kwa bupivakaini, ambayo yenyewe tayari hukaa muda mrefu.

Faida yake kubwa ni onyo. Mililita 3 za mchanganyiko wenye mikrogramu 5 kwa kila mililita zina mikrogramu 15 za adrenalini. Zikiingia kwenye mshipa wa damu, mapigo ya moyo hupanda kwa 10 au zaidi ndani ya dakika moja. Basi choma hizo 3 kwanza, tazama kipima mapigo, kisha endelea kidogo kidogo huku ukivuta bomba kuona kama damu inarudi. Kwa mgonjwa anayetumia atenololi au propranololi, na kwa wazee, mapigo yanaweza yasipande hata kama umeingia kwenye mshipa. Usijivunie ukimya huo.

Kuchanganya ndiko kunakoponza watu, kwa sababu kichupa cha adrenalini kina miligramu 1 katika mililita 1, na wewe unahitaji sehemu ndogo sana yake. Fanya hivi:

1. Vuta kichupa chote kwenye bomba la mililita 10, jaza maji ya chumvi mpaka 10. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100. Bandika lebo papo hapo.
2. Chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo, ongeza ganzi mpaka jumla iwe mililita 20. Umepata mikrogramu 5 kwa mililita.
3. Kwa mzee au mwenye moyo dhaifu ambaye bado unaona adrenalini ina faida kwake, tumia nusu: mililita 0.5 katika jumla ya 20, yaani mikrogramu 2.5 kwa mililita.

Iache adrenalini kwenye uume na kwenye kamba ya korodani, kwa mguu wa mwenye kisukari ambao damu haifiki vizuri, kwa kidole kilichopondeka, na kwa mwenye presha isiyodhibitiwa. Iache pia kwenye ganzi ya Bier, ile ya kufunga mkono kwa tonikwe na kuchoma dawa kwenye mshipa wa damu. Katika ganzi hiyo hata bupivakaini hairuhusiwi kabisa. Ni lignokaini tupu.

Deksamethasoni: ya kwanza kufikiriwa

Ukiruhusiwa nyongeza moja tu ya kurefusha muda, chagua hii. Ipo karibu kila hospitali, kwa kuwa wodi ya wazazi huitumia kukomaza mapafu ya mtoto anayetarajiwa kuzaliwa njiti. Kichupa cha mililita 1 kina miligramu 4.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu ganzi za neva za mkono ulionyesha kwamba dawa za muda mrefu kama bupivakaini zilisogea kwa wastani kutoka saa 12 hadi saa 22 za kutosikia maumivu, na zile za muda wa kati kutoka karibu saa 3 hadi karibu saa 6. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 35 yenye wagonjwa 2,702 na kutoa jambo la maana zaidi kwako. Deksamethasoni iliyochanganywa na ganzi kando ya neva iliongeza muda wa ganzi kwa saa 6.7. Ile iliyochomwa tu kwenye mshipa wa damu iliongeza saa 6.2. Zilipolinganishwa moja kwa moja, ya kando ya neva ilishinda kwa kama saa 3.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Kuchoma kwenye mshipa wa damu ndiyo njia ambayo dawa hii imeidhinishwa, na imetumika hivyo kwa miongo mingi. Kuiweka kando ya neva ni matumizi nje ya maelekezo ya mtengenezaji, na baadhi ya vichupa vina vihifadhi kama benzili alkoholi ambavyo havikutengenezwa kukaa kwenye neva. Kwa hospitali ya wilaya, mshipa wa damu unatosha. Saa 3 unazokosa hazilingani na mgonjwa anayerudi baada ya mwezi akilalamika mkono unawaka moto, na wewe huna jibu. Nyongeza ya bure ni kwamba inazuia kichefuchefu baada ya upasuaji.

Kipimo cha mshipa wa damu ni miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa kilo. Kwa mtu mzima wa kawaida, vichupa viwili, yaani miligramu 8. Daktari bingwa akiamua kuiweka kando ya neva, miligramu 4 zinatosha. Kupanda hadi 8 huko hakuongezi faida ya maana.

Jambo dogo lenye aibu kubwa: ukiisukuma haraka kwa mgonjwa aliye macho, huhisi muwasho mkali wa ghafla sehemu za siri. Haudumu, lakini mzee wa watu anaweza kuruka kutoka kitandani. Iweke kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, iingie kwa dakika 10, na mwambie mapema.

Tahadhari zake ni hizi:

- Mwenye kisukari: sukari itapanda. Pima kabla, pima tena jioni na asubuhi. Tumia miligramu 4, au iache kama sukari tayari iko juu sana.
- Mwenye selimundu: iache. Dawa za jamii hii zinaweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa wenyewe.
- Kidonda chenye usaha au maambukizi makali: zungumza na daktari wa upasuaji kwanza. Kwa upasuaji safi usiogope. Utafiti mkubwa wa PADDI wa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000, haukuona miligramu 8 za mara moja zikiongeza maambukizi ya kidonda.
- Dawa nyeupe yenye chembechembe, kama triamsinoloni, si mbadala. Usiiweke kando ya neva wala usiichome kwenye mshipa wa damu.

Deksmedetomidini na klonidini: nzuri kwa mwenye mashine na macho

Hizi mbili ni ndugu. Zote huizuia neva isijiandae haraka kurusha taarifa nyingine ya maumivu. Deksmedetomidini ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa mikrogramu 50 hadi 60 huharakisha ganzi kushika na kuongeza muda kwa zaidi ya nusu. Klonidini huongeza kama saa 2.

Gharama yake hulipwa na moyo. Mapigo hushuka, presha hushuka, mgonjwa husinzia. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2019 kwa ganzi ya juu ya mtulinga uliipa deksamethasoni ushindi wa dakika 148 juu ya deksmedetomidini, tena bila kushusha presha. Kwa hiyo hata mahali ambapo zote mbili zipo, deksamethasoni huanza.

Kama hospitali yako imeletewa deksmedetomidini, itumie kwa mgonjwa ambaye deksamethasoni haimfai, kwa mfano mwenye kisukari kisichotulia, mradi atalala wodini, kuna kipima oksijeni kinachofanya kazi, na atropini iko mezani. Usiitumie kwa mtu ambaye mapigo yake tayari yako chini ya 60, kwa aliyepoteza damu nyingi, wala kwa anayerudi nyumbani siku hiyohiyo.

Baikaboneti: kwa anayekimbizana na muda

Sodiamu baikaboneti hairefushi ganzi. Hupunguza tindikali ya dawa, na kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya dawa hupenya kwenye neva mapema. Msaada wake unaonekana kwenye lignokaini iliyotoka kiwandani ikiwa na adrenalini, kwa kuwa hiyo hutengenezwa ikiwa na tindikali zaidi. Pia hupunguza mchomo wa sindano ya ngozi, faida ambayo mtoto mwenye jeraha ataishukuru.

Tia mililita 1 ya asilimia 8.4 kwenye mililita 10 za lignokaini na uitumie hapohapo. Usiitie kwenye bupivakaini. Inaganda na kutengeneza chembe nyeupe. Mchanganyiko wowote uliogeuka ukungu, mwaga.

Magnesiamu na dawa za jamii ya afyuni

Magnesiamu salfeti iko tele, kwa sababu ndiyo dawa ya kifafa cha mimba. Majaribio machache yameonyesha inaongeza kama saa 2 kwenye ganzi ya neva. Hata hivyo kichupa cha asilimia 50 kina miligramu 500 katika kila mililita, na kosa la nukta moja ni kubwa. Kwa faida hiyo ndogo, iache ifanye kazi yake leba.

Buprenofini, mikrogramu 300, imeonyesha kuongeza saa nyingi, 8 hivi, lakini kichefuchefu na kutapika huongezeka sana. Tramadoli hutoa matokeo yasiyotabirika. Morfini na fentanili zikiwekwa kando ya neva hazina faida ya kueleweka kuliko kuzichoma kwingine, na kuwasha na kutapika kunabaki palepale. Kama unataka morfini, mpe mgonjwa kwa njia ya kawaida na umwangalie anavyopumua.

Za kuacha kabisa

Ketamini ni rafiki wa kila mtoa usingizi wa wilaya, lakini kando ya neva hairefushi ganzi na humfanya mgonjwa aone maruweruwe. Midazolamu nayo imeonyesha maabara kwamba inadhuru seli za neva. Zote mbili mahali pake ni mshipa wa damu, kwa kazi yake nyingine.

Ulinganisho kwa kifupi

- Adrenalini: kama saa 1, hulinda na kuonya, iache penye damu haba.
- Deksamethasoni kwenye mshipa wa damu: kama saa 6, huzuia kutapika, angalia sukari na selimundu.
- Deksmedetomidini: zaidi ya nusu ya muda wa kawaida, hushusha mapigo na presha, wodini tu.
- Klonidini: kama saa 2, madhara ya namna hiyohiyo.
- Buprenofini: kama saa 8, kutapika kwingi.
- Magnesiamu: kama saa 2, hatari ya kukosea kipimo.
- Baikaboneti: haiongezi muda, huharakisha lignokaini.
- Ketamini na midazolamu: acha.

Mgongo una orodha yake

Kwa kuwa kazi yako kubwa huenda ni ganzi ya mgongo kwa upasuaji wa uzazi, usihamishe orodha hii kwenda huko. Ndani ya uti wa mgongo hakuna deksamethasoni wala baikaboneti. Kinachokubalika ni fentanili mikrogramu 10 hadi 25, au morfini isiyo na kihifadhi mikrogramu 100 hadi 150, na mama wa morfini aangaliwe upumuaji wake kwa saa 24. Kama huna mtu wa kumwangalia, mpe ganzi ya ukuta wa tumbo baada ya kushonwa.

Halafu kuna kichupa kinachoua: asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, ambayo vichupa vyake vingine hufanana na vya bupivakaini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya makosa ya kuichoma mgongoni. Iweke mbali kabisa na trei ya ganzi, na wawili msome jina kwa sauti kabla ya kuvuta dawa.

Chagua kwa kuangalia usiku wa mgonjwa

*Kijana wa mwembeni, kigasha, atalazwa.* Bupivakaini kwapani, adrenalini mikrogramu 5 kwa mililita kama onyo, deksamethasoni miligramu 8 kwenye dripu. Ganzi ya saa 4 asubuhi sasa itaisha kuelekea alfajiri, si saa mbili au nne za usiku.

*Dereva wa bodaboda, muundi umevunjika, mguu umevimba na unabana.* Hapa usirefushe chochote. Mgandamizo wa misuli ndani ya mguu hujulishwa kwanza na maumivu yanayozidi kipimo. Ukiyafunika kwa saa 20, utaamka asubuhi na mguu uliokufa. Tumia ganzi fupi, au njia nyingine, na elewana na daktari wa upasuaji kabla.

*Mzee wa mabusha.* Ukanda wetu unaujua ugonjwa huu, na mikoa ya Lindi na Mtwara imeshapata kambi za upasuaji wake. Akichomwa ganzi ya kamba ya korodani, tumia lignokaini tupu bila adrenalini. Anarudi nyumbani akitembea. Dawa za kumeza zinatosha.

*Mama mwenye kisukari, kidonda cha mguu cha kusafishwa.* Ganzi ya kifundo cha mguu, bila adrenalini, bila deksamethasoni. Mara nyingi neva zake tayari ni dhaifu, na ganzi hukaa kwake muda mrefu kuliko kawaida bila nyongeza yoyote.

*Mpasuko wa mkono uliokatwa na panga shambani, msimu wa korosho, mgonjwa anataka kurudi Nyangamara jioni.* Lignokaini yenye adrenalini inatosha. Ukimpa bupivakaini na deksamethasoni utamrudisha kijijini na mkono usiosikia usiku kucha, jiko la mafiga likiwa hatua mbili kutoka mkekani. Ataungua asijue. Hali hii ndiyo saa za ziada zinapogeuka mtego, na hakuna utafiti wa wodi za mijini utakaokuonya.

*Bega, au mtu mwenye mapafu mabovu.* Ganzi ya shingoni hulegeza nusu ya kiwambo cha kupumulia, na nyongeza hurefusha udhaifu huo pia. Chagua ganzi ya chini zaidi, au usiongeze kitu.

Ya kumwambia mgonjwa na ndugu zake

Eleza kabla ya kuchoma, wala usisubiri mpaka mkono ulale. Mwambie kwamba mkono utakuwa mzito na usiosikia mpaka usiku au asubuhi, na kwamba hiyo si kupooza. Utundikwe kwenye kitambaa shingoni, usilaliwe, usiwekwe karibu na moto. Vidole vikipauka, vikiwa vya baridi au vikivimba ndani ya hogo, muuguzi aitwe mara moja hata kama hakuna maumivu.

Kisha lipo la dawa za kumeza, na hapa wengi hukosea. Wanasubiri maumivu yaje. Ganzi ikiisha ghafla maumivu hupanda juu kuliko yale ambayo vidonge vinaweza kushusha. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima wa zaidi ya kilo 50, pamoja na diklofenaki miligramu 50 mara tatu kwa siku kwa asiye na vidonda vya tumbo wala figo mbovu, zianze wakati mkono bado umelala. Mwandikie muuguzi wa zamu ya usiku saa kamili ya dozi, maana neno "akilalamika" humwacha mgonjwa asiyezoea kulalamika bila dawa mpaka asubuhi.

Sumu ya ganzi ikitokea

Mgonjwa akikwambia mdomo unakufa ganzi, anasikia ladha ya chuma au masikio yanalia, acha kusukuma dawa. Ita msaada, mpe oksijeni, linda njia ya hewa. Degedege likianza, diazepamu au midazolamu, si propofoli kwa moyo unaoyumba. Kama mna mafuta ya mshipani ya asilimia 20, mpe mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika 2 au 3; kwa kilo 60 ni mililita 90. Endelea na mililita 0.25 kwa kilo kila dakika, jumla isizidi 12 kwa kilo.

Moyo ukisimama, kandamiza kifua na usikate tamaa mapema, maana moyo uliolemewa na bupivakaini huchelewa kurudi. Adrenalini hapa ni ndogo, isiyozidi mikrogramu 1 kwa kilo. Kwa kilo 60 ni mililita 0.6 ya lile bomba ulilokwisha kulibandika lebo ya mikrogramu 100 kwa mililita. Dozi kubwa ya kawaida humwumiza mgonjwa huyu.

Mafuta hayo yawe na mahali pake ndani ya thieta. Yakiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko nyumbani, hesabu kwamba hamna.

Andika matokeo yako

Chukua daftari la kawaida, chora safu sita: tarehe, aina ya ganzi, dawa na kipimo, nyongeza na njia yake, saa ganzi ilipochomwa, saa maumivu ya kwanza yalipokuja. Safu ya mwisho huijazi wewe; anaijaza muuguzi wa usiku, na asubuhi unamuuliza mgonjwa mwenyewe. Kurasa chache zikijaa utaona wazi kama deksamethasoni inawafaa wagonjwa wako kwa saa zile zilizoandikwa vitabuni, na ni ganzi gani mkononi mwako huisha mapema bila kujali umeongeza nini. Hiyo ya pili ndiyo ya kwenda nayo kwa mwenzako mwenye mashine ya ultrasaundi akufundishe upya, kabla ya kuagiza dawa mpya yoyote.